Sufuri ya Mnara wa Gando

Siku yenyewe ni Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti, mwaka elfu mbili ishirini na tano. Asubuhi ile mke wangu Rahila alinibipu mara mbili, mie nikapata moja.

Asiyejua mambo yetu nitamweleza. Watu wa Gando hatupigi simu, tunabipu. Vocha haiokotwi. Unamlizia mtu mara moja, unakata kabla hajapokea, naye keshajua. Kila nyumba ina mapatano yake. Yangu na Rahila yalikuwa hivi: mlio mmoja, mie mzima, endelea na kazi yako. Miwili kwa kufuatana, njoo, usiulize. Kila siku ya kuchuma karafuu, akishamaliza kuku wake na vyombo vyake, hunibipu mara moja, na mie huko juu ya mkarafuu husema "Alhamdulillahi" nikaendelea kujaza pakacha. Miwili haikuwahi kulia tangu tununue simu.

Jumanne ile ulilia mmoja. Nikasema Alhamdulillahi, nikahamia tawi jengine.

Mwanawema, jirani yetu, alikwenda kwangu kuazima ungo. Akamkuta Rahila kaanguka mlangoni, simu mkononi. Presha. Alikuwa nayo siku nyingi, Wete hospitali wanamjua. Mwanawema akatoa simu yake aite gari, haina hata kijiti kimoja cha mtandao. Akapiga ukelele, akatoka mtu mbio kunifuata kilimani. Nilipofika, mke wangu keshafunikwa kanga.

Baada ya khitma ndipo nilipoishika simu yake, kitochi cha vibonye. Jina langu liko juu mara mbili. La kwanza limekwenda. La pili pana neno la Kizungu, na binti yetu Suhaila akanisomea: imeshindikana.

Sasa nieleze na huo mnara, maana mnara ndio ulioniua mie nikiwa hai.

Mwanzo wa mwaka walikuja watu wa mradi, na gari mbili nyeupe. Sheha wetu, Msellem, akatwita skuli. Tukaambiwa Gando imepata bahati. Ulimwengu unatafiti mtandao wa kizazi kipya, kizazi cha sita, na mnara wetu utakuwa mmoja katika ya kujaribia. Utakula jua, hautaki umeme wa waya. Utajifunza wenyewe. Utaangalia watu wanazungumza saa ngapi na saa ngapi hawazungumzi, na zile saa za ukimya utalala, ukiweka nguvu za betri. Wakasema minara ya kesho itakuwa mingi kama minazi, na yote ikikesha, umeme wa dunia hautatosha. Mie nimesoma mpaka darasa la nne, lakini hilo nililifahamu. Hata mtu hulala.

Mzee mmoja akauliza, je, ukilala na mtu ana shida? Sheha akasimama akatusomea ahadi, kwa sauti ya hutuba: ikipotea hata simu moja ya haja kwa sababu ya usingizi, mnara utaamshwa na hautalala tena mpaka kosa lijulikane. Tukapiga makofi. Mie nilipiga makofi. Rahila alikuwa safu ya wanawake, naye alipiga.

Ahadi ile ndiyo niliyoishika baada ya msiba. Na nilikuwa na haja nayo, maana Suhaila ana mimba ya kwanza. Kaolewa Ole, mumewe anapakia mizigo bandarini Wesha, na kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mama hayupo, ila nyumba ya mama ipo, basi akaja. Kliniki wakampima wakatikisa kichwa: presha, kama ya mama yake. Wakaniambia mie baba mtu, siku akiona kiwi cha macho au kichwa kikimgonga, asingojwe, iitwe gari pale pale afikishwe Wete. Gari iitwe na nini? Nyumba yangu iko bondeni. Mnara ukilala, bondeni simu ni kipande cha sabuni.

Na huku karafuu za vuli zimeiva. Karafuu haikungoji umalize huzuni. Ikichanua imekwisha, huna mazao tena, una maua. Nisipochuma, mtoto atazaliwa katika nyumba isiyo na kitu. Nikichuma, niko kilimani, na Suhaila yuko peke yake kama alivyokuwa mama yake.

Kwa hivyo nilikuwa nataka jambo moja tu. Mnara uamshwe mpaka mwanangu ajifungue.

Mwezi wa kumi na mbili watu wa mradi wakarudi kutusomea matokeo. Skuli ile ile, viti vile vile vya watoto, magoti yanafika kidevuni. Aliyesoma ni Injinia Afra, binti wa Kipemba huyu, wazee wake wana asili ya Oman, walikuwa na mashamba zamani upande wa Wete. Kajifunga mtandio vizuri, sauti ya upole. Nyuma yake ukutani kuna picha za rangi. Betri imeweka nguvu kiasi hiki. Usingizi wa asubuhi umefaulu kiasi hiki. Kisha akasema:

"Simu zilizopotea mnara ukiwa umelala, sufuri."

Nikasimama. "Mwanangu, hiyo sufuri umeitoa wapi?"

"Mzee Silima, kaa," akasema Sheha Msellem. "Masuala mwisho."

"Mwisho wangu mie ushafika, Sheha. Nshamzika."

Afra akasema, "Mwacheni azungumze. Mzee wangu, mnara wenyewe ndio unaohesabu."

"Unahesabu na zile za wakati umelala?"

"Naam."

"Ulolala unahesabu?"

Nyuma akadakia mtu, "Kama mlinzi wa skuli! Hulala, akaamka akasema hakuja mwizi!"

Skuli nzima ikacheka, na mlinzi mwenyewe akacheka. Mie sikucheka. Nikaenda mbele nikaitoa simu ya Rahila mfukoni, nimeifunga kitambaa, nikamwekea mezani.

"Soma hapo. Ya kwanza imekwenda, ya pili imeshindikana. Badala ya sufuri, andika moja."

Akaichukua simu. Akabonyeza, akabonyeza tena. Nikaona uso unambadilika.

"Mzee, hapa tarehe inasema mosi Januari, elfu mbili na kumi."

"Ndiyo tarehe yake. Alikuwa akitoa betri kila akilala, chaji isiishe. Kila akiirudisha, simu inaanza upya."

"Basi sina namna ya kuonesha kuwa ilikuwa Jumanne ile."

"Elfu mbili na kumi mnara huu ulikuwapo?"

"Haukuwapo."

"Hata simu hino ilikuwa haijaundwa! Sasa hiyo tarehe unaishika ya nini?"

Sheha akakohoa. Wale wakubwa wawili waliokuja na Afra, waliokaa mbele na chupa zao za maji, mmoja akatazama saa. Nimeyaona mengi katika maisha yangu, lakini yule aliyetazama saa sitamsahau.

Afra akafungua kompyuta yake. "Mlio wa kwanza tumeupata," akasema, polepole. "Siku hiyo, baada ya saa nne. Umeandikwa: mpigaji amekata mwenyewe."

"Haya. Ndio kubipu huko."

"Kwa mashine hayo si mazungumzo, mzee. Mtu akikata kabla hajapokelewa, mashine inasema hapana aliyezungumza."

"Kwa hivyo sie wa Gando, tunaobipu tangu asubuhi, mashine inatuona tuko kimya?"

Akajibu Mwanawema kwa upande wake, kwa sauti ya juu, "Mie kimya? Mie Mwanawema?" Wakacheka tena.

"Na baada ya mlio huo wa kwanza," nikauliza, "mnara ulifanya nini?"

Akasoma kioo. Akakisoma tena. "Uliona hapana mazungumzo. Ukalala."

"Yaani kubipu kwa Rahila ndiko kulikoulaza."

Hapo hakucheka mtu. Sheha Msellem akasema tusome fatiha, marehemu arehemiwe, na mkutano ukafungwa kwa fatiha. Wajanja. Nani atasimama na ugomvi baada ya fatiha? Sufuri ikabaki ukutani mpaka walipozima mashine yao.

Nikatoka. Afra akanifuata mpaka kwenye kisima cha skuli, akaniamkia upya kama ndiyo kwanza tunaonana.

"Shikamoo, mzee wangu. Wallahi mie nakuamini."

"Marahaba. Basi amsha mnara."

"Hauko mkononi mwangu. Ukiamshwa kabla ya muda, jaribio lote limeharibika, na wakubwa watataka sababu iliyoandikwa. Sababu yenyewe ndiyo sina." Akainama. "Huu ndio mtihani wetu, mzee. Si wetu peke yetu, hata huko ulimwenguni kwenye maabara kubwa hawajaupatia dawa. Kilichofika tunajua kukihesabu. Kisichofika hakiachi alama."

"Basi kama hamjui, kwa nini mmeandika sufuri? Sufuri na sijui ni kitu kimoja?"

"Si kimoja."

"Andika sijui."

"Picha yenyewe haina pahala pa sijui," akasema, na macho yakamjaa. Nikamwonea huruma, kisha nikajichukia kwa kumwonea huruma. Yeye analia, mie nina mwana bondeni. Nikamwambia awaambie wakubwa zake hivyo hivyo nilivyosema, na jina langu, na jina la mke wangu. Akasema atalifikisha. Mambo yetu yote hufikishwa. Mie sijaona bado pahala yanapofika.

Nikafanya ujinga wangu. Kama mnara unataka mazungumzo, nikasema, tutaupa. Nikampa Mwanawema vocha, nikamwambia kila asubuhi nikiwa kilimani apande mpaka kwenye mfenesi wake, mnara ungali macho, anipigie na asikate.

"Nikwambie nini?"

"Chochote."

Yarabi, alisema. Alinisomea ndoa zote za Gando na talaka zake, nani kakopa samli na hakurudisha, mke wa nani anamtilia nani chumvi nyingi makusudi. Mie nimeitundika simu kwenye tawi, nachuma, naitika "Ehe." Na mnara, wallahi, ukajifunza! Asubuhi ya tatu yake Suhaila akanipigia kutoka bondeni, saa ile ile ya mama yake, akasema, "Baba, inashika!" Nililia juu ya mti, karafuu mkononi.

Kisha vocha ikaisha, na ya kununua nyengine haikuwapo. Mwanawema akarudi kubipu kama watu. Mnara ukasikiliza asubuhi mbili tatu, ukaona kimya, ukalala. Tulipoteza hata kile tulichoufundisha.

Sasa niko katika hali hii. Shambani kwangu, kwa vile ni juu, simu yangu hushika kijiti kimoja cha mnara wa mbali, wa Wete. Kwa hivyo nikiitazama simu yangu hainiambii kitu. Mie nina kijiti, Suhaila bondeni hana, na sijui. Nikishusha pakacha nampigia. Yule mwanamke wa mashine ananiambia namba haipatikani. Natupa pakacha, nakimbia, makonyo ya karafuu yanamwagika njia nzima. Nafika natweta, namkuta Suhaila kakaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, tumbo limefika magotini.

"Baba, utakufa wewe mie sijazaa."

"Simu yako?"

"Ipo, mtandao ndio haupo. Rudi ukachume, zishachanua."

Nakaa nyumbani, nazisikia karafuu zinaharibika. Ndiyo, nazisikia. Nakwenda shamba, sisikii chochote. Mwanawema ameahidi kumtupia jicho, lakini Mwanawema ana wajukuu na muhogo wa kupanda Ole. Mumewe Suhaila kaomba ruhusa bandarini, kaambiwa angoje. Nilikwenda kwa Sheha juzi. Kaniambia ripoti ishakwenda juu, ni njema sana, na minara myengine ya namna hii inakuja kisiwani. Nikamwuliza na ile ahadi aliyoisoma? Akasema ahadi ipo pale pale, Mzee Silima, ila sharti lake ipotee simu, na haijapotea.

Nayaandika haya chini ya mkarafuu, pakacha nusu. Asubuhi hii Suhaila aliniambia usiku kichwa kilimgonga kidogo, kisha akasema hapana, ni usingizi tu, nenda. Nimekwenda. Simu nimeitundika tawini mbele ya macho yangu; kubipu kwa uzima tumekuacha, atanipigia akiona shida tu. Jua lishapanda, ni saa ya kuku na vyombo. Haijalia. Nimempigia, haipatikani, kama jana, na jana alikuwa anakuna nazi.

Nimemwuliza Injinia, nimemwuliza Sheha, na wale wakubwa wenye saa zao kama wanasoma nawauliza na wao: simu hii iliyonyamaza hapa mbele yangu, imenyamaza kwa sababu mwanangu ni mzima, au kwa sababu ananiita?