Kiswahili cha Kuomba

Walikuwa wameshapita Kenyatta Market, akina mama watano na viti vinne vya magurudumu, mtoto wa tano mgongoni, na bado Nyamizi aligeuka kila hatua kutazama kama kuna gari la polisi. Yeye ndiye aliyewakusanya. Watanzania wote, wote bila karatasi. Kabula wake, miaka tisa, shingo haimshiki, alifungwa kwenye kiti kwa kanga asianguke.

"Mama Kabula," Ndanu akamwambia. Huyu ni Mkamba, jirani wa Woodley, anawasindikiza. "Huko ofisi ya watoto Hurlingham uache hiyo Kiswahili yako ya naomba naomba. Hapa mwenye kuomba ni ule wa tao, wa kukaa barabarani na kikopo. Wewe sema nataka."

"Kwetu nataka ni ufidhuli."

"Basi uwe fidhuli leo, dada yangu. Wiki jana polisi wamebeba watoto huko tao, ati wamekodishwa wa kuombea pesa."

Nyamizi alilikariri neno hilo njia nzima. Nataka. Nataka.

Waithaka, ofisa mwenye meza, aliwaacha wengine langoni akaita mmoja. Hakumtazama mama. Alimtazama mtoto, kisha askari aliyesimama mlangoni. Ulimi wa Nyamizi ukakimbilia kwao Tabora.

"Shikamoo. Naomba mtoto wangu aandikishwe, apate shule."

Kalamu ikasimama. "Unaomba?"

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu mtoto?"

"Nikiomba nakuwa naye. Bila yeye hawanisikilizi."

"Tangu lini?"

"Januari. Kila Jumatatu naomba, hapa hapa mlangoni."

"Ata mlangoni kwetu!" Waithaka akamchekea askari. "Si umesikia? Mimi sijamfinya aseme."

Akasukuma karatasi ya Kiingereza. "Sahihi hapa, mama."

Shule, Nyamizi akawaza. Akatia sahihi. Askari akainama, akaanza kufungua fundo la kanga.

Nyamizi alivushwa mpaka wa Namanga siku ya tatu. Wale wanne walikimbia na watoto wao. Siku hizi wanawafungia ndani, wala hakuna anayekusanya mtu. Waithaka alipandishwa cheo. Ndanu anauza mitumba, na kile kiti kiko nyuma ya kibanda chake, kanga bado inaning'inia. Kabula yuko kwenye makao ya watoto. Ana neno moja tu, hulitoa akiona uji, akiona maji, mlango ukifunguka: naomba.

Walezi huwaita wageni waje wasikie.

"Mnaona vile alikuwa amefunzwa?"