Nyundo Chini ya Kitovu cha Mhina

Mashavu alikuwa akipepeta mtama uani kwake Kwaluguru aliposikia nyundo zikigonga chini ya kitovu cha mumewe, Mhina, aliyelala kivulini baada ya kula. Aliweka ungo, akatega sikio. Ndani watu wadogo walikuwa wakigonga chuma na kupokezana wimbo, kama vibarua wa Mdachi waliotandika reli Korogwe. Akarudi kwenye mtama wake.

Mhina aliwahi kuwa mmoja wa vibarua hao. Huko kambini alipata kisonono. Alikojoa usaha, maumivu yakaisha, akarudi nyumbani akijiona mzima. Wadudu wa ugonjwa ule walirudi naye. Masika yalikuja na kupita bila mtoto, na kwa kuwa desturi ya Kwaluguru ilimpa mwanamke peke yake dawa ya uzazi, Mashavu alikunywa mizizi hadi ulimi ukawa mweusi. Sasa mama mkwe, Bi Tatu, alitaka arudishwe kwao.

Wazee walikutana barazani kwa mzee Semboja. Kabla Bi Tatu hajamaliza mashtaka, nyundo zilianza. Semboja alimwomba Mhina awanyamazishe watu wake, maana walikatiza shauri. Mhina akasema hawamsikii. Mganga Mbaruku aliinama, akasikiliza, akaeleza kwamba wadudu wameiziba njia ya mbegu na bado wanajenga. Wazee wakakubali kuwa ni kweli. Kisha wakaamuru Mashavu apewe mizizi mikali zaidi. Asiposhika mimba kufikia mavuno, aende.

Nyumbani Mashavu aliweka chungu mbele ya mumewe.

"Kunywa, bwana."

"Dawa ya wanawake hii. Watanicheka."

"Wanaokucheka wamo tumboni mwako. Mimi nimekwisha kunywa ya watu wawili."

Mhina akanywa, akakunja uso. Akanywa kila asubuhi. Nyundo zikapungua, hata alfajiri moja vibarua wadogo wakatoka na mkojo, nyundo begani, wakashika njia ya Korogwe, ambako kambi mpya ilikuwa ikiandika watu. Bi Tatu aliwapisha mlangoni.

Kabla ya mavuno Mashavu alianza kutapika asubuhi. Wazee wakaisifu mizizi yao, wakasema walijua tokea mwanzo kwamba kasoro ilikuwa ya mwanamke. Desturi ikabaki vilevile: chungu hukabidhiwa mke. Ila jioni, katika nyumba nyingi za Kwaluguru, wake hulaza sikio juu ya matumbo ya waume zao, na wakisikia nyundo, huwamiminia dawa.