Mzunguko wa Tatu

Waliobuni mchezo wa skii na bunduki walijua kumwaibisha mtu. Unakimbia juu ya theluji mpaka mapafu yawake moto, unasimama, unalenga shabaha tano, na kila uliyoikosa unailipia palepale: unazunguka mara moja kijiuwanja cha adhabu huku kijiji kizima kinakutazama, vikombe vya kahawa mkononi. Torunn alikosa tatu. Akazunguka mara mbili, akatoka.

Tusimtetee kwamba alisahau. Alimwona Jorid, mwenzake wa klabu, akipotelea kwenye misonobari, na timu ya taifa ilibakiza nafasi moja tu, yake au ya Jorid. Tena aliyeketi pale kuhesabu mizunguko, kavaa kizibao cha rangi ya chungwa cha watu wa kujitolea, alikuwa baba yake, Gunnleif. Macho yao yalikutana. Mzee akainamisha kichwa, akaandika tatu.

Torunn akampita Jorid kwenye mteremko wa mwisho.

Ndani ya ukumbi wa klabu Jorid alimrukia shingoni. Hajui kununa, yule.

"We mchawi! Umekosa tatu na bado umenipita? Miguu hiyo umeazima wapi?"

"Bahati tu," Torunn akasema.

"Bahati gani! Nenda, shoga yangu. Ila ukirudi bila medali, kwetu usikanyage."

Torunn akacheka, na kicheko kikamkaa mdomoni kama chakula kilichochacha. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Jorid alikuwa anamkatia kipande cha jibini ya kahawia, kile kinono cha katikati.

Upande wa pili watu walikuwa wanampiga Gunnleif mgongoni. "Hongera, bwana! Umezaa!" Naye anajibu asante, asante, akitazama viatu vyake. Huyu ndiye Gunnleif aliyemripoti mpwa wake mwenyewe kwa kosa hilohilo, dada yake akamnyima salamu mpaka Krismasi. Bondeni pale ukitaka kuapa kwamba jambo ni kweli, unasema kamuulize Gunnleif. Sasa alivua kile kizibao, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye benchi kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Torunn alimsogelea. "Baba, twende nyumbani?"

"Tangulia tu."

Hakumtazama. Hakumwita mwanangu. Hapo ndipo aibu ilipomshika Torunn barabara, maana mpaka wakati huo alidhani kamwibia Jorid peke yake.

Oddveig, mwamuzi mkuu, aliyewahi kumfundisha kusoma, alikuwa tayari kashika kalamu kuyatia sahihi matokeo.

"Mwalimu, usisaini," Torunn akasema. "Nilizunguka mara mbili tu."

Jorid akabaki na kisu chake cha jibini hewani.

"Mbona baba yako kaandika tatu?" Oddveig akauliza.

"Tulikuwa wengi pale. Nilijificha nyuma ya wenzangu. Hakuniona."

Ulikuwa uongo wake wa pili siku ile, na huu aliusema kwa moyo wake wote. Akamwomba Mungu, ingawa hakuzoea kumwomba, baba anyamaze.

Oddveig aliweka kalamu chini. Alikuwa anamfahamu Gunnleif tangu utotoni, na alimuuliza taratibu, kama anayemfungulia mtu mlango. "Ni hivyo, Gunnleif? Walikuwa wengi, hukuona?"

Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha. Watu wote walikuwa tayari kumwamini, wengine walishaanza kuitikia kwa niaba yake. Mzee alisimama, masikio mekundu.

"Nilimwona," akasema. "Nilimwona vizuri kabisa."

Kisha akavuka ukumbi, akaja kusimama kando ya binti yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua mikono yake aiweke wapi.