Waya wa Starteri

Gungu nzima, hapa Kigoma, hakuna pikipiki iliyowahi kunigomea. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu fizikia niliisoma mpaka kidato cha nne, na ile C yangu niliipata kwa jasho. Mjomba Elikana alipokwenda msibani Kasulu aliniachia funguo za gereji akasema, "Dotto, usiguse kitu." Nilimwelewa hivi: Dotto, endesha gereji.

Ndipo Nesi Regina akaja anasukuma pikipiki.

Ulikuwa mwaka ule ambao boti za wakimbizi kutoka Kongo zilikuwa zikiingia Kibirizi kila kunapopambazuka, na Nesi Regina ndiye aliyekuwa akiwapokea wajawazito pale ufukweni. Pikipiki ilikuwa ya zahanati. Waliinunua kwa mwalimu mmoja wa Uvira aliyevuka nayo ziwa: nyekundu, kuukuu, tangi limebonyea kama sufuria ya bwenini. Nilikuwa nimembadilishia Nesi oili siku chache nyuma, ikatoka kwangu inanguruma. Sasa mchana inawaka kwa kiki moja, lakini asubuhi inakohoa, inanyamaza.

"Dotto mwanangu," akasema, "Bwana Dismasi, mkubwa wetu wa zahanati, amesema Jumatatu alfajiri anakuja mwenyewe kuitazama. Isipowaka mbele yake, anampa mtu wa stoo, mimi niende kwa miguu. Nikienda kwa miguu boti zinanitangulia. Wiki jana mama mmoja kajifungulia kwenye nyavu."

"Nesi, hiyo ni plagi tu," nikamwambia.

Nikabadilisha plagi. Saa nane mchana ikawaka, nikanywa soda. Asubuhi ikagoma. Nikamwaga petroli yote, nikasafisha tangi, nikaweka nyingine. Saa nane ikawaka, nikanywa soda nyingine. Asubuhi ikagoma. Nikatangaza kwamba petroli ya Kigoma huwa inalala usiku kama watu, na majirani wakaanza kuniita Daktari wa Saa Nane. Mzee Mwinshehe, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa anacheka mpaka anapitwa na habari za redio yake, ambayo siku hizo ilikuwa inashika vizuri ajabu.

Jumapili mchana Nesi alikuja na mgeni wake, binti wa Uvira aitwaye Mapendo. Alikuwa amevuka na boti na begi moja, akapata hifadhi kwa Nesi. Nilipoona anaikagua pikipiki nikamuuliza kama anatafuta kioo cha kujitazamia.

"Kioo ninacho," akasema. "Ninatafuta fundi. Wanasema iko mmoja hapa, lakini sijamuona."

Mzee Mwinshehe akapiga cherehani kwa kicheko. Kumbe binti alikuwa mwaka wa pili chuo cha ufundi Bukavu vita ilipomkuta, na gereji ya baba yake ndiyo iliyokuwa ikitengeneza pikipiki za mji mzima. Hayo alituambia yeye mwenyewe, tena mara mbili, maana unyenyekevu hakuvuka nao. Nikajisikia nimempata ndugu.

Nikanyanyua mguu nipige kiki nimwoneshe. Akanizuia.

"Acha. Ugonjwa wake ni wa asubuhi, wewe unaupima mchana jua likiwa limeisha kuuponya. Ilale nje, ipigwe na umande. Kesho tutaikuta ikiwa mgonjwa kabisa."

Sijui kwa nini fizikia yangu haikuniambia hilo.

Jumatatu kulikucha na ukungu, mvua imenyesha usiku. Bwana Dismasi alikuwa amesimama na koti lake, mikono nyuma, na mtu wa stoo pembeni yake ameshavaa helmeti. Nesi Regina ameshika mkoba wa kazi.

Mapendo aligusa injini kwa mgongo wa mkono, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Akapiga kiki. Ikakohoa. Akafungua plagi, akainusa, akanipa na mimi.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

"Ndiyo hivyo. Kavu. Cheche iko, petroli haifiki ya kutosha. Injini ya baridi inataka kunywa nzito."

Akairudisha plagi. Akachomoa mpira wa hewa, akauziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, akaacha upenyo mwembamba kati ya vidole. "Piga," akaniambia. Nikapiga. Mtu wa stoo akavua helmeti, maana pikipiki ilinguruma mpaka kuku wa Mzee Mwinshehe wakatawanyika. Nawaambieni, nimeona mafundi wenye mabomba na mashine, sijaona mwingine anayetibu kwa kiganja.

"Sasa," akasema akijipangusa, "starteri yake iko wapi?"

Hapo nikaona nafasi yangu. "Dada, unaona hii ni ya kiki. Haina stata wala betri ya kuzungusha stata."

"Siulizi ya kuzungusha. Starteri ya kuvuta. Inayopunguza hewa asubuhi."

"Hiyo ni choki."

"Kwenu choki, kwetu starteri." Akaniinamisha kichwa kwenye kabureta. "Unaona kichuma hiki? Waya wake ulikuwa unatoka hapa, unapanda mpaka kwenye usukani. Umekatwa."

Akakibana kile kichuma kwa koleo, akakivuta, akakifungia kitanzi cha waya cha kutia kidole. Nesi Regina akakivuta mwenyewe, akapiga kiki mwenyewe, akamtazama Bwana Dismasi. Bwana Dismasi akatikisa kichwa kukubali, na yule mama akashuka na barabara ya Kibirizi, moshi nyuma, kilemba kinapepea. Sote tulisimama tunamwangalia mpaka ukungu ukammeza. Mapendo akafuta machozi akidai ni moshi.

"Nani amekata waya mzima?" akauliza.

"Wezi," nikasema. "Mji huu umeharibika. Wanaiba hata nyaya. Mimi nililihisi tangu mwanzo, nilitaka tu uhakika."

Mzee Mwinshehe akasimamisha cherehani. Akanyoosha mkono dirishani, akapunguza sauti ya redio, kisha akaufuata kwa kidole waya mweusi uliotoka nyuma ya redio, ukapita juu ya fremu ya dirisha, ukaning'inia nje kwa madaha.

"Dotto," akasema taratibu, "siku ile ya oili, Nesi alipokwambia yule mwalimu wa Uvira alimwonya huu ni waya wa starteri, wewe ulimjibu nini? Mbona nilikuwa hapa hapa. Ulisema, 'Pikipiki hii haina stata, Nesi, huu ni mzigo tu.' Halafu ukaukata, ukaniletea mimi uwe antena."

Mapendo akautazama waya. Akanitazama mimi. Redio ikaendelea kusoma habari, inasikika safi kabisa.