Gari Lililomkonyeza Mshonaji

Dada yake hakuwa mtu wa kupiga simu asubuhi, kwa hiyo Mama Waya aliposikia simu ikilia saa moja na nusu, hata mlango wa karakana yake ya umeme wa magari hajaufungua, alijua kuna jambo.

"Mdogo wangu, njoo na vifaa vyako," dada akasema. "Ama gari la shemeji yako lipone leo, ama mimi narudi kwetu."

Mama Waya akamkumbusha kwamba nyumba ya kwao siku hizi inakaliwa na wapangaji. Dada akajibu kwamba watabanana.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, jekundu, la milango miwili, limeundwa wakati Mama Waya angali shule ya msingi. Taa zake za mbele zilikuwa za kulala na kuamka: ukizizima zinajificha ndani ya boneti, ukiziwasha zinachomoza kama macho ya chura majini. Shemeji yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alilinunua alipostaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha fizikia. Alilipenda mapenzi ambayo mkewe alisema hakuyaonja hata wakati wa uchumba.

Ugonjwa wa gari ulikuwa huu. Mwalimu akiwasha indiketa ya kushoto, taa kubwa ya upande huo iliinuka nusu, ikalala, ikainuka tena, ikalala, ikifuata mapigo ya indiketa, na honi nayo ikitoa sauti nyembamba, pi, pi, pi. Kwa ufupi, gari lilikuwa linakonyeza na kuita. Na pale getini kwa Mwalimu, ukitaka kwenda mjini huna budi kukunja kushoto, na ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na geti, palikuwa na kibanda cha mshonaji. Mshonaji alikuwa mjane, mcheshi, nguo zinamkaa, na kila siku saa mbili asubuhi alikuwa ameshaketi barazani nyuma ya cherehani yake.

Wiki ya kwanza dada alicheka. Wiki ya pili alitabasamu. Wiki ya tatu, akiwa dirishani jikoni, alimwona mshonaji akiacha kushona na kulipungia gari mkono, tena mkono mzima, mpaka begani. Tangu siku hiyo chai ya Mwalimu ilikuja haina sukari. Mwalimu aliapa kwamba ni hitilafu ya umeme. Mkewe akamjibu kwamba gari lina macho mawili, mbona linakonyeza hilohilo moja, na kila siku mahali palepale.

Mama Waya alimkuta shemeji yake kwenye banda la gari, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, amesimama mbele ya ubao wa darasani alioupigilia ukutani. Ubao ulijaa mchoro wa nyaya kwa chaki za rangi nne. Mwalimu alimkaribisha kwa furaha, akamwomba asiguse chochote kabla hajasikia maelezo. Heshima si utumwa, akajisemea Mama Waya, akageuza ndoo, akaikalia. Dakika ishirini alielezwa jinsi umeme unavyotembea, yeye ambaye umeme ulianza kumlisha akiwa na miaka kumi na minane. Alielezwa pia kwamba Mwalimu alikwishabadilisha betri, honi, kidude kinachopigisha indiketa na swichi mbili, na kwamba baada ya utafiti wa miezi miwili amefikia hitimisho: wahandisi waliolibuni gari walikosea.

"Wote, shemeji?" akauliza Mama Waya.

"Wote," akasema Mwalimu. "Inasikitisha."

Mama Waya akafungua kisanduku cha fyuzi. Moja ilikuwa imevishwa karatasi inayong'aa ya chokoleti. Akaichomoa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nywele kwenye mboga. Mwalimu akaeleza kwamba ile ya awali ilikuwa inaungua kila siku, na kwamba karatasi ile ni kipitishi kizuri sana.

"Kizuri mno," akasema Mama Waya. "Fyuzi huungua ili gari lisiungue, shemeji. Hii haitaungua ng'o. Litakaloungua ni gari, nawe umo ndani."

Mwalimu akaenda ubaoni, akafuta mshale mmoja.

Wakati huo dada alikuwa ameleta kiti, akakaa mlangoni mwa banda, mikono kaikunja kifuani, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu. Mama Waya akaweka fyuzi mpya. Akatoa mita yake, mkono mmoja wa mita akaugusisha kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha taa ya kushoto, akamwomba shemeji awashe indiketa. Taa ikaanza ukonyezaji wake. Panapokuwa pazima, mita hukaa karibu na sifuri. Hii ilipanda hadi volti nne, ikashuka, ikapanda.

Kisha akachukua waya mnene, akafunga ncha moja kwenye hasi ya betri na kuibana nyingine kwenye chuma kilekile cha taa. Papo hapo taa ikalala ikatulia, honi ikanyamaza, na indiketa ikaendelea kumeta peke yake kwa adabu. Akautoa waya, vituko vikaanza upya. Akaurudisha, kimya.

Mwalimu alisema kitu kama hicho hakiwezekani kwa mujibu wa mchoro.

"Mchoro unaonyesha njia ilipo, shemeji. Hauonyeshi kama imeziba," akasema Mama Waya. Na kwa kuwa dada yake alikuwa amekaza macho, akamgeukia yeye. Umeme ukishamaliza kazi lazima urudi kwenye betri, akamweleza, na ndani ya gari hurudi kwa kupitia bodi. Hapa taa, honi na indiketa zinarudisha umeme wao kwa waya mmoja, na waya huo haushiki bodi vizuri. "Ni kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango wake umefungwa, akaanza kugonga kwa majirani."

"Hilo la majirani nalijua," akasema dada.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama Waya akatandika gunia, akalala chali chini ya pua ya gari, akaufuata ule waya kwa tochi na kidole mpaka kwenye bolti iliyoufunga kwenye bodi. Alitarajia kutu. Alikuta bolti nyekundu, safi, inang'aa kama kucha za bibi harusi. Akailegeza kwa spana. Chini ya bolti, rangi nyekundu. Chini ya kichwa cha waya, rangi nyekundu. Hapakuwa na chuma mahali popote kilichogusa chuma.

Akatoka chini polepole, akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama bolti mkononi mwa Mama Waya, na uso wake ulikuwa unabadilika kama wa mtu anayesoma barua ambayo yeye mwenyewe ameiandika.

Akasogea karibu, akainama kama anayetaka kuona vizuri, akanong'ona. "Shemeji, sema ni kutu."

"Lakini si kutu."

"Kutu ni jambo la heshima. Linampata kila mtu."

Kwa kweli Mama Waya alimhurumia. Lakini mlangoni alikuwapo dada yake, wa tumbo moja, naye alishauliza wananong'ona nini. Mama Waya akaanza kufuta spana ambayo haikuwa na uchafu. Mwalimu akavua miwani.

"Ni rangi," akasema. "Niliipaka mimi. Wiki ileile gari lilipofika niliona bolti ina madoa, nikaifungua, nikapaka chini, nikapaka juu, nikaifunga. Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto wa watu kwamba rangi haipitishi umeme."

Dada akamtazama mumewe. "Kwa hiyo ulikuwa radhi nikuache kwa ajili ya mshonaji, kuliko nijue umekosea fizikia?"

Mwalimu akalifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama alivyofikiria maswali yote. "Mshonaji ni tuhuma," akasema. "Rangi ni ushahidi."

Hapo dada alicheka. Alicheka akiwa amekaa, akacheka amesimama, akacheka ameshikilia fremu ya mlango, na kila alipotaka kupumua aliona ubao wenye chaki za rangi nne akaanza tena. Mwalimu mwanzoni alijikaza, kisha mabega nayo yakaanza kumtingishika.

Kazi iliyobaki haikufika nusu saa. Mama Waya alisugua rangi kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akasugua na kichwa cha waya, akakaza bolti, akaipaka grisi juu ili unyevu usiingie. Mita ikasoma karibu na sifuri.

Wakalitoa gari mpaka getini kulijaribu. Mwalimu akawasha indiketa ya kushoto, na macho yote mawili ya gari yakabaki yamefumba. Ng'ambo ya barabara cherehani ikanyamaza. Mshonaji akainuka, akavuka na futi yake shingoni, akawaamkia wote, akainama kuitazama ile taa.

"Afadhali mmelitengeneza," akasema. "Miezi miwili nampungia Mwalimu nimwambie taa yake ina kasoro. Na yeye badala ya kusimama ananipungia tu."

Akawatakia siku njema, akarudi kwenye kazi yake. Dada hakucheka. Alimgeukia mumewe, na Mwalimu akagundua ghafla kwamba kioo cha mbele kina vumbi.

"Nilidhani ananisalimu," akasema. "Nisingeweza kukosa adabu."

Dada akazunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akanyoosha kiganja. Leseni alikuwa nayo kwa miaka ishirini, na tangu gari lifike alikuwa hajaruhusiwa hata kulisogeza. Mwalimu alitazama kile kiganja, akamtazama Mama Waya, naye Mama Waya akawa anahesabu spana zake. Basi Mwalimu akashuka, akatoa ufunguo, akaenda upande wa pili, na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye kiti cha abiria cha gari lake mwenyewe. Akajifunga mkanda, kisha akaushika kwa mikono miwili.

Gari likaondoka kwa kishindo, likakata kona bila kupunguza mwendo. Mama Waya akafunga geti, akaingia jikoni kunawa grisi, akajimiminia chai na kuitia vijiko vitatu vya sukari.