Kibebeo cha Spea cha Bwana Andati

Jumanne saa nne asubuhi, kule Shirere, fundi Mitchel alilala chali juu ya kadibodi chini ya gari la Cornelius Andati, akapima mdomo wa kile chuma cha kuvutia trela. Ulikuwa inchi mbili kwa mbili. Akaandika kipimo kwa chaki kwenye bamba la chuma, kisha akaomba spana ya kumi na tisa. Hakuna aliyempa. Andati alikuwa anaongea kwenye simu, na mkewe Naliaka alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilinda ahadi.

Ahadi yenyewe ilikuwa hivi. Andati alikuwa msimamizi wa mashamba ya miwa, na shemasi kanisani, na gari lake kubwa jeupe lilikuwa na viti saba. Mama mdogo wa Naliaka, bibi mfupi aitwaye Edah, alikuwa na kliniki ya figo mjini Kakamega kila Alhamisi. Alitoka Matete kwa bodaboda, mvua ikinyesha akijifunika mfuko wa mbolea. Kila Naliaka alipouliza kwa nini asipande gari, Andati alieleza kwa masikitiko kwamba tairi ya spea ilikuwa imekula nafasi ya nyuma. Ni kweli ilikuwa imelazwa huko, juu ya viti viwili vilivyokunjwa. Kuhusu vile vitatu vya katikati hakuwahi kueleza lolote. Lakini mwezi Juni, mbele ya wazee wa kanisa, alisimama akasema, "Siku spea itatoka humu ndani, nafasi itapatikana." Naliaka akaitikia amina kwa sauti kuliko wote, na wiki iliyofuata akamtafuta fundi aliyesomea kuchomelea vyuma katika chuo cha Sigalagala, atengeneze kibebeo cha kufunga spea nje, nyuma ya gari.

Sababu halisi kila mtu aliijua. Edah, kwa kuwa ni dada wa mama mkwe, naye ni mama mkwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawakai bega kwa bega. Ni heshima, na heshima hiyo ina mlango wa kutokea: mwanamume hupeleka blanketi na kuku jike, sala inasomwa, watu wanakunywa chai, na kuanzia hapo wanaweza hata kubanana kwenye benchi moja. Andati alikuwa ametafuta blanketi la kufaa kwa miaka ishirini na mitatu. Moja lilikuwa jepesi. Jingine lilikuwa na maua mengi mno. Wakati huo wote gari lilibeba mbegu za miwa, magunia ya mahindi, na mara moja ndama wa mhubiri, ambaye alikaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda.

Mama mzazi wa Naliaka, aliyeitwa Mama Makhanu kwa jina la kifungua mimba wake, naye alingojea blanketi hilo. Alifariki Aprili mwaka juzi akienda kliniki, bodaboda ikiwa imekwama kwenye tope.

Mitchel alijitafutia spana mwenyewe. Akasukuma mkono wa kibebeo ndani ya mdomo wa chuma, akapitisha pini, akapandisha tairi kwenye bolti tatu na kukaza nati. Akahamisha bamba la namba ili tairi isilifunike. Alipokitikisa kuona kama kinachezacheza, kibebeo kikashuka vidole vinne.

Akainua macho. Mama Makhanu alikuwa ameketi juu ya tairi, na gauni la kanisani alilozikwa nalo, viatu mkononi. Alitazama barabarani, mgongo ukielekea ndani ya gari.

"Mulembe, mama," Mitchel akamsalimu.

"Mulembe, mwanangu. Hiyo nati ya kushoto inanichoma."

"Nitaweka mpira. Lakini hiki nilikitengeneza cha kubeba tairi peke yake. Wewe una kilo ngapi?"

"Nikiwa hai nilikuwa hamsini na mbili. Tangu hapo sijapimwanga."

Mitchel akamwomba ashuke kidogo. Aliongeza bamba nene pembeni, akachomelea upya, akaweka na chuma cha kukanyagia, kwa sababu miguu ya mama ilikuwa inaning'inia mbele ya moshi wa ekzosi. Kazi ilichukua saa moja na nusu. Mama Makhanu akapanda tena, akajaribu, akasema sasa sawa.

Naliaka alivuta ndoo yake karibu. "Mama, umefuata blanketi?"

"Blanketi la nini, na huko kuna joto? Nilikuwa naenda kliniki, sikufika. Kadi yangu bado imeandikwa Alhamisi."

Andati alimaliza simu. Alipoona ni nani aliyeketi nyuma ya gari lake, akageuka upande kama inavyotakiwa na kuzungumza kupitia mkewe.

"Muulize mama kama amekaa vizuri."

"Anasema amekaa."

"Mwambie nimefurahi sana." Na alifurahi kweli. Mama alikuwa nje, yeye angekuwa ndani, migongo ikitazamana. Hata mzee mkali kuliko wote asingeona kosa. "Unajua, fundi, hii kitu ningekuwa nimeiweka zamani."

"Na Alhamisi?" Naliaka akauliza.

"Alhamisi ina nini?"

"Spea imetoka ndani."

"Imetoka. Kuna mtu amekataa?"

Alhamisi walifika Matete saa mbili na nusu, Mama Makhanu akiwa nyuma na vumbi kwenye kope. Edah alikuwa kwenye lango na kadi yake ndani ya bahasha. Akamtazama dada yake toka juu hadi chini.

"Yaani unapata gari na hata huniambii?"

"Nimelipata juzi tu. Usianze."

Naliaka akafungua mlango wa nyuma. Alikuwa amefuta viti vyote kwa kitambaa chenye maji, na viti vitano vilikuwa vitupu kabisa. Andati akashuka, akaenda kusimama upande wa pili wa boneti, uso ukitazama shamba la miwa.

"Mwambie mama mdogo nafasi ipo, hiyo siwezi kukana," alisema. "Lakini nafasi ni nafasi, na heshima ni heshima. Akikaa nyuma yangu ataona kisogo changu."

"Kisogo chake nimekionanga kanisani miaka ishirini na mitatu," Edah akasema. "Mwambie hakina jipya."

"Ndama ulimfunga mkanda," Naliaka akamwambia mumewe.

"Ndama hajanizalia mke."

Naliaka aliendelea kushikilia mlango. Kliniki hufunga kitabu chake saa tano kamili, na safari bado ilikuwa ndefu. Alisimama vile mpaka mkono ukaanza kufa ganzi. Edah akatazama jua, akatazama vile viti, akamtazama Naliaka kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni Naliaka. Kisha Mama Makhanu akasogea pembeni ya tairi na kupapasa mahali palipobaki. Wanawake wawili waliokonda hutosha pale, mmoja akikaa upande. Edah akakanyaga chuma cha Mitchel, akapanda.

Naliaka akafunga mlango.

Kwenye kizuizi, polisi alizunguka gari, akawaamkia kina mama, kisha akarudi kumwambia Andati kwamba sketi ya yule wa kulia imefunika namba. Edah akaikunja sketi. Wakaruhusiwa. Walifika kliniki saa tano kasoro dakika sita. Nesi alimpima Edah, halafu akampima Mama Makhanu presha, akaandika "hakuna" na kumpangia tarehe nyingine.

Jumapili mchungaji alimsifu Andati kwa kuonyesha jinsi mkristo wa kisasa anavyoweza kutunza wakwe bila kutupa mila. Watu wakapiga makofi. Kufikia Agosti foleni ya magari kule Shirere ilikuwa imefika barabarani, na Mitchel alikuwa anatengeneza kibebeo cha watu wawili chenye pa kushika mkono.

Siku moja akampigia Naliaka simu aje. Griffin, kijana mpole wa benki aliyekuwa amchumbie Ashley, binti wa Naliaka, mwezi Disemba, alikuwa ameagiza kibebeo mapema, kwa heshima, hata kabla ya kununua gari. Alitaka kiwe cha saizi kamili ya mama mkwe.

Naliaka akaketi juu ya tairi iliyofungwa kwenye stendi, akanyoosha mgongo. Mitchel akapiga magoti na futi ya kamba, akapima kutoka gotini hadi kisiginoni, ajue pa kuweka chuma cha kukanyagia.

"Sentimita arobaini na tatu," akasema, na kuandika kwa chaki.

Naliaka akafikiria kidogo.

"Punguza tatu," akasema. "Nikae na miguu juu, tope lisinifikie."