Mkalimani wa Benita

Théodore alikuwa mkalimani wa kanisa letu la Wakongo pale Turffontein, Johannesburg, na kazi hiyo aliipenda kuliko ile ya ulinzi iliyomlisha. Mchungaji Gaston akihubiri kwa Kifaransa, Théodore anageuza papo hapo kwa Kiswahili, anamwiga mikono, anamwiga hadi kikohozi. Watoto wetu wa huku, ambao Kiswahili wanakisikia lakini kukisema ni shida, wakitoa ushuhuda kwa Kiingereza, ni yeye tena. Na desturi yetu ni hiyo: hata kama umeelewa, unangoja mkalimani ndipo useme amina.

Binti yake Benita alikuwa na miaka kumi na mitano, mkimbiaji wa mita mia nane, na mwaka ule wa 2017 wasichana wenzake walimjua kwa mgongo tu. Mama yake alibaki Lubumbashi, kwa hiyo nywele nilimsuka mimi, Perpetua, msusi, Mtanzania niliyeolewa huku. Siku moja nikakuta nyuma ya sikio kipara kipana kama kiganja. Nikamuuliza ni dawa gani imemuunguza.

"Si dawa, tantine," akajibu kwa Kiingereza chake, shangazi tu akiniita kwa Kifaransa, sauti imepoa kabisa. "Nazing'oa mwenyewe. Mashindano yakikaribia siwezi kujizuia."

Akanieleza yote. Asubuhi ya mbio anatapika. Akisimama kwenye mstari kifua kinabana, haoni mbele. Akishinda hafurahi, anaanza kuogopa mbio zinazofuata. Mwalimu wake wa riadha, Lerato, alikuwa ameshamtafutia mwanasaikolojia wa wanamichezo vijana kule Braamfontein, bila malipo. Kilichobaki ni baba akubali, na mtoto apumzishwe mbio kwanza. Benita akaniomba nikaseme na baba yake.

Mimi jambo kama hilo silicheleweshi. Nilimfuata Théodore siku ileile Hillbrow, kwenye duka analolinda, nikamwambia kila kitu palepale mlangoni.

"Mama Perpetua, mtoto iko na bugonjwa gani?" akasema. "Anakulaka, anakimbiaka, anashindaka. Hiyo maneno ya kichwa ni ya bazungu. Miye kule Lubumbashi nilikimbiaka miguu wazi, nani aliniulizaka niko nasikia namna gani?"

"Na mbio zako zilikufikisha wapi?" nikamuuliza, nikiitazama sare yake toka juu mpaka chini.

Nilimchoma, na nilikusudia. Akaiweka kofia yake sawa.

"Yeye atafika," akasema. "Jumapili atatoa ushuhuda. Atashukuru mbele ya wakati kwa ushindi ya Jumamosi inayokuja. Kwa imani."

Basi Jumapili ikafika. Benita akaitwa mbele, baba yake akasimama kando na kipaza sauti cha pili. Nilipomwona yule mtoto amenyoosha shingo nikajua amekusudia kitu. Nyumbani baba hakumsikiliza hata mara moja. Hapa kazi yake ilikuwa kusikiliza na kurudia mbele ya watu wote. Alisema kwa Kiingereza, sentensi moja moja, akitua kama tulivyowafundisha.

"Sitaki kukimbia Jumamosi."

"Anasema," Théodore akapaza sauti, "Jumamosi anakimbia kwa nguvu za Bwana!"

"Amina!"

"Natamani nianguke nivunjike mguu, ili mniache."

"Anasema, adui alitaka kumvunja mguu, Bwana akakataa!"

"Amina!"

Benita akamgeukia baba yake, akamtazama usoni.

"Siku nyingine natamani nisiamke tena."

Hapo Théodore akakwama. Nikasema moyoni, sasa, Théodore, sasa kuwa baba. Akafuta jasho kwa mkono wa koti.

"Anasema kila asubuhi anaamka na shukrani."

Amina ya tatu ilizidi zote. Na watu wale wote wanauza kwa Kiingereza, wanagombana na wenye nyumba kwa Kiingereza! Hakuna ambaye hakuelewa. Hasira ilinipanda nikasimama juu ya kiti.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Mtoto anasema anataka kufa! Anaomba apelekwe kwa daktari kule Braamfontein, ninyi mnamwitikia amina?"

Mchungaji Gaston akamshika Benita bega, akamsemesha kwa Kiswahili, kwa upole wa kuchukiza.

"Binti yangu, papa yako anasema hivi, Mama Perpetua anasema vile. Nani iko anasema kweli?"

Benita akamtazama baba yake. Théodore machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya kanisa zima, na midomo yake inasema kitu bila sauti. Nadhani alikuwa anamsihi. Mtoto akainama.

"Papa," akasema. "Papa anasema kweli."

Wakanishusha. Mchungaji akatangaza kwamba mwanamke asiye na mtoto hushikwa kirahisi na roho ya wivu, na kwamba huko Braamfontein Benita hataenda. Wakanipigisha magoti, mikono ikanijaa kichwani, mizito, mingine ya wateja wangu. Kisha Mchungaji akasema maombi ya mtoto hufika haraka, Benita naye aje.

Kiganja chake kilikuwa baridi, na kilitua kichwani mwangu taratibu, kama anayeomba radhi. Hakujua la kusema kwa Kiswahili. Basi Théodore akamtangulia, kipande kwa kipande, na yeye akafuata nyuma yake.

"Roho ya wivu."

"Roho ya wivu."

"Toka kwa huyu mama."

"Toka kwa huyu mama."

"Jumamosi nitashinda."

"Jumamosi nitashinda," akasema Benita, na kanisa likaitika amina.